Ndoo Moja ya Ardhi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ijulikane kwa vizazi vyote kwamba leo, kabla ya chai, mkuu wa karakana ya kuchomelea amestaafu, na mimi, mtunza stoo, nimeamua kumrithi. Mwenye kiwanda hajaarifiwa. Mama mkwe ameshaarifiwa. Alipiga simu kumjulia hali binti yake, nikapokea mimi, ulimi ukateleza: nikasema cheo nimeshapewa. Kigelegele chake bado kinalia sikioni. Anakuja Jumamosi kunipongeza.

Tatizo dogo: Ijumaa kuna jaribio. Anayetaka cheo aunge vipande viwili vya chuma mbele ya mwenye kiwanda. Mimi sijawahi kuunga hata kamba ya kiatu. Tatizo kubwa: mpinzani wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi tunayemwita Cheche. Mama mkwe ndiye aliyemzaa.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kupeleleza. Nilijifanya nahesabu fimbo za kuchomelea. Cheche akanieleza kila kitu bila kuulizwa. Huyu mtu hana siri. Umeme unatoka kwenye mashine, unapita kwenye fimbo, kisha unaruka kapengo kadogo hadi kwenye chuma. Pale unaporuka panawaka moto mkali ajabu. Chuma kinayeyuka, fimbo nayo inayeyuka, vikipoa ni kitu kimoja. Ndivyo vitanda, matangi na toroli zetu zinavyoshikana.

Nikauliza moshi ni wa nini. Eti ganda la fimbo likiungua, moshi wake unaizuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Kwa hiyo moshi mzuri, hewa mbaya. Miaka yote mke wangu ananiambia kinyume.

Nilitaka kuuona umeme ukiruka. Nikachungulia bila kioo cheusi cha kukinga macho. Sikuuona.

Jumatano, tarehe 5

Macho kama yametiwa mchanga. Nimelala na kitambaa cha maji baridi usoni, machozi yanatiririka. Mke wangu akaniuliza taratibu nani amefariki. Nikasema hakuna. Akasema basi baba watoto nyamaza, unawatisha watoto.

Alhamisi, tarehe 6

Cheche kanivuta pembeni. "Shem, kesho usisahau ardhi. Wengi wanaisahau. Bila ardhi umeme hauna pa kurudi, utagusagusa tu kama unatafuta swichi gizani."

Nimemshukuru na kumshuku kwa pamoja. Kwa nini anipe siri? Na mbona sijamwona akitumia ardhi hata kiganja? Bila shaka huificha. Baada ya kazi nimechota ndoo nzima kwenye bustani ya maua ya mwenye kiwanda. Nyeusi, laini, haina hata kokoto.

Ijumaa, tarehe 7

Cheche alianza. Kiungo chake kimepangika kama magamba ya samaki. Sawa, ni kizuri.

Nikaingia na ndoo yangu. Mwenye kiwanda akauliza ya nini. Nikamjibu kwa utulivu kwamba bila ardhi umeme hauna pa kurudi. Akanitazama kwa heshima, au kwa kitu kinachofanana nayo. Mezani palikuwa na waya wenye koleo, umebana ukingo wa meza bila faida yoyote niliyoiona. Nikauchomoa, nikaufukia ndani ya ndoo. Nikagusa chuma kwa fimbo. Kimya. Nikagusa tena. Kimya. Mtu nyuma akasema labda waya ungoje mvua, uote.

Cheche akaninong'oneza: "Shem, ardhi ndiyo hilo koleo." Kumbe! Linabana meza ya chuma ili umeme upate njia ya kurudi kwenye mashine. Sasa si waliite koleo?

Akalirudisha mezani. Hapo cheche zikaruka, moshi mzuri ukajaa, nikaenda na fimbo mpaka ikaisha. Nikainua kazi yangu kuionyesha. Meza ikanifuata. Vile vipande viwili havikushikana hata kidogo, ila kila kimoja kimeshikana na meza. Mwenye kiwanda akapiga nyundo mpaka akatoa jasho. Akasema ndicho kiungo imara kuliko vyote leo, ila hakukiomba.

Cheo amepewa Cheche. Mimi nimeambiwa nirudishe udongo.

Jumamosi, tarehe 8

Ukweli wa yaliyotokea leo ni huu. Mama mkwe alifika, akaketi, akaniita mkuu. Nilikuwa tayari kuungama, nimeshafungua mdomo. Cheche akaniwahi. "Mama, tumepewa wote wawili. Tunasaidiana." Chini ya meza akanikanyaga mguu, yaani nyamaza. Ulikuwa wema mkubwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa.

Nikaitikia. Kisha nikausikia mdomo wangu ukifafanua kwamba anayesaidia ni yeye, mimi ndiye msaidiwa.

Mama mkwe akafurahi mno. Akasema kitanda chake cha chuma kimekatika mguu, na hataki tena kumsumbua mwanawe. Kazi hiyo anampa mkubwa. Mke wangu akaweka kijiko chini. Cheche akakohoa mpaka akatoka nje.

Nimemwambia mama asiwe na wasiwasi, kesho asubuhi nafika na mashine. Nimelitafakari jambo lenyewe na sioni pa kushindwa. Ni mguu mmoja tu. Nikikosea, kitanda kina mingine mitatu ya kujaribia.