Jinsi Baqir bin Kazim Alivyovuka Barabara ya Madale

Sogezeni mikeka, enyi wakazi wa Madale na nyie wa Wazo mnaosikia kwa mbali, zimeni redio, mtoeni mbuzi kwenye mchicha, mpate kusimuliwa habari ya Baqir bin Kazim, Simba wa Makabrasha, aliyegonga mihuri Kurasini miaka thelathini na moja bila kukosea tarehe, na jinsi alivyovuka barabara ya vumbi yenye upana wa hatua kumi na nne.

Tangu astaafu, siku za shujaa huyu zilipangana kama makontena: chai, kufagia uwanja, redio, usingizi, redio tena. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha bati, watu walikunywa kahawa na kucheza drafti kwa vizibo vya soda kila alasiri, naye aliwatazama kupitia tundu la geti miaka mitatu, kama mlinzi wa ngome anayehesabu mioto ya adui. Ndipo binti yake Samina akapiga simu kutoka Mwanza na kutoa tamko: ikifika Jumapili jioni baba hajaweza kumtajia jirani mmoja kwa jina, nyumba itapangishwa, naye atahamia kwake, chumba cha nyuma, ghorofa ya nne. Shujaa akautazama mpapai alioupanda kwa mkono wake.

Jumapili saa kumi alasiri akajifunga silaha: shati la pasi, kofia, na biro mfukoni kwa mazoea. Geti likalia kama baragumu. Bodaboda ikapita mbele yake kama farasi wa vita, akaihimili. Kuku akamkatiza, akamsamehe. Hatua ya kumi na nne ikamfikisha kibandani. Akasimama, akangoja kuamkiwa.

Alingoja kwa kuwa mvi zake zilistahili shikamoo, na miaka mingi hajaianza yeye. Lakini kwenye benchi aliketi Elinaza, fundi wa mageti, Mwamba wa Kuchomelea, mwenye mvi zile zile, ambaye hajamwamkia mtu tangu amzike baba mkwe wake. Mvi zikakodoleana macho na mvi. Kahawa ikapoa vikombeni. Hata nzi, wanasema walioshuhudia, walitua wakasubiri.

Mwishowe akanena Brightson, dereva wa bajaji, ambaye vizibo vyake vilikuwa vimezingirwa pande zote na alihitaji sababu yoyote ya kusimamisha mchezo. "Wazee wangu, hii ishu ni hesabu tu. Azimio la Arusha liliwakuta mko darasa la ngapi?"

"La tano," akanguruma Elinaza. "Na bango la maandamano nilibeba mie."

Baqir akageuza shingo. Nyuma yake geti lilikuwa wazi, na ndani yake redio, na heshima yake nzima. Na nyuma ya redio, Mwanza. Akavua kofia.

"Mie lilinikuta la nne," alisema. Kisha, kwa sauti iliyokuwa na kutu kuliko lile geti, "Shikamoo, kaka."

Elinaza hakuipokea upesi. Aliiacha ielee kidogo, aionje.

"Marahaba. Mwaka wa tatu huu nasikia hilo geti lako linavyolia, nangoja tu unisalimie nije nikutilie grisi. Kaa hapa, mdogo wangu. Brightson, mpishe, ushashindwa."

Jua lilipokuwa linashuka simu ikaita. Samina akauliza swali lake la kila simu, leo umeongea na nani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishaandaa shuka za chumba cha nyuma.

"Niko na kaka yangu Elinaza," alijibu Baqir bila kuinua macho, "na Brightson, anacheza vibaya sana. Nipigie kesho, mwanangu. Zamu yangu imefika."

Basi iandikwe, na wajukuu wafundishwe: alasiri ile Baqir bin Kazim, Mvuka Barabara, alifungwa drafti mara nne mfululizo, akamaliza vikombe sita vya kahawa, na kesho yake alipofungua geti kwenda ng'ambo, halikulia.