Swala wa Baba Mkwe

Alhamisi, 3 Julai

Nimepata wazo! Kuna swala anamaliza dengu za baba mkwe, Mzee Chenge, kule ng'ambo ya ziwa karibu na Kamanga. Kijiji kimepata kibali cha kumwinda. Nitamkamata mimi, kwa mbwa wangu wawili, nimbwage mlangoni kwa mzee. Mke wangu Odeta ataona mume anaye, atarudi nami Igoma. Rahisi kabisa.

Odeta aliondoka mwezi wa tano, baada ya kumzika mtoto wetu, Rebeka. Hakunigombeza. Alifunga nguo zake tu, akarudi kwao. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nikikaa kidogo, mtoto ananijia, nainuka. Siku hizi sikai.

Ijumaa, 4 Julai

Nimevuka. Mbwa wametapika kivukoni mbele ya abiria wote. Nilijifanya si wangu.

Nimekuta mshindani! Nestory, jirani yao, naye anamwinda swala huyohuyo. Anajibanza nyuma ya kichuguu na upinde wake, kimya, asubuhi nzima. Hana mbwa, hana mpango. Nilimwambia huo si uwindaji, ni uvivu. Akajibu kwamba swala ana njia yake, atapita tu, na kwamba nikiwafunga mbwa, nafasi ya kukaa ipo. Nilicheka sana.

Odeta alimletea Nestory uji. Mimi alinisalimia vizuri, kama mgeni. Iliniuma.

Jumamosi, 5 Julai

Aibu! Acha niandike tu.

Kwetu, mtu akiwa na dukuduku na jirani, humpa mbwa wake jina la kumfikishia ujumbe. Odeta alipoondoka, kwa hasira nilimwita mbwa wangu mkubwa Wakwe Hawatosheki. Kule Igoma jina hilo halikuwa na madhara, wakwe wako ng'ambo ya ziwa. Sikufikiria kwamba mbwa akiwa windoni, lazima umwite kwa sauti.

Swala akatokea. Mbwa wakamkimbiza katikati ya dengu, mimi nyuma yao, nikipaza sauti shamba zima: "Wakwe Hawatosheki, kamata! Wakwe Hawatosheki, rudi huku!" Mama mkwe alikuwa anang'oa dengu. Alijifunika kitenge usoni. Mzee Chenge alitazama tu dengu zake zilivyolala chini. Yule swala asingeweza kula kiasi hicho hata kwa msimu mzima.

Mbwa wakarudi ulimi nje, mikono mitupu. Swala akapita kwenye njia yake, mbele ya kichuguu. Nestory alivuta upinde mara moja.

Kwa haki, nusu ya yule swala ni yangu.

Jumapili, 6 Julai

Nilikwenda kuomba radhi. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, nikashukuru hata kwa hiyo. Dengu hakuzitaja. Alisema nyama iko jikoni, niketi.

Odeta akaja kukaa karibu nami. Alisema hakuondoka kwa kunichukia. Tangu tumzike Rebeka hajalia na mimi hata mara moja, maana kila akianza, mimi nina safari. Hataki swala. Anataka nishinde naye leo, tukae tu, hata bila maneno. Nikiweza, kesho tunavuka wote.

Nampenda mno. Machozi yalinijaa, nikaona aibu mbele ya wazee. Nilikaa. Odeta akaanza kulitaja jina la mtoto, polepole. Nikainuka, nikasema naenda kuwaangalia mbwa.

Nilikwenda nao hadi kivukoni.

Jumanne, 8 Julai

Igoma. Sasa nimegundua kosa langu. Mbwa wawili ni wachache! Kuna bwana mmoja Kirumba ana mbwa wanne wenye miguu mirefu, yuko tayari kuniazima. Kibali kingine kitapatikana. Nitarudi na swala wangu mwenyewe, mzima mzima, na hapo ndipo nitakaa na Odeta, nimsikilize mpaka amalize.

Amepiga simu tangu asubuhi. Sijapokea, nitapokea nikiwa na habari njema. Odeta hana haraka. Kungoja anaweza.