Bao Moja Tu la Ukuta

Jumatatu, 3 Novemba

Wiki ya mwisho. Jumamosi binti yangu anacheza mechi yake ya mwisho ya shule, na miaka yote hii hajafunga hata bao moja. Ni beki. Wenzake wanamwita Ukuta. Jina zuri, lakini nani amewahi kushangilia ukuta?

Mwokaji wa jirani, ambaye binti yake ni mshambuliaji, amekuja kunyolewa katika duka langu la kinyozi. Amesimulia mabao ya mwanawe tangu nilipomfunga shuka mpaka nilipomfungua. Nimeendelea kunyoa. Moyoni nawaka.

Jumanne, 4 Novemba

Bahati imejileta yenyewe. Kocha amekuja kuchonga ndevu. Mteja aliyepakwa povu hakimbii. Nikamweleza taratibu: Ukuta apelekwe mbele, mechi moja tu. Akasema washambuliaji wanaokotwa popote, beki kama yule hapati mwingine. Nikazidi kueleza. Nikamwonyesha kwa mkono jinsi mtoto anavyoweza kuchomoka. Mkono wenye wembe. Masharubu ya upande mmoja yakaenda. Kwa ajili ya usawa nikaondoa na ya upande wa pili.

Alijitazama kwenye kioo. Akasema mkewe hajawahi kumwona hivyo.

Beki abaki beki.

Jumatano, 5 Novemba

Mechi ya kirafiki. Mpango mpya: mlango ukifungwa, dirisha lipo. Nimesimama kando ya uwanja nikamwita binti apande. Panda, mama, panda! Mtoto mtiifu. Akapanda. Wapinzani wakapita pale alipotoka kama wageni waliofunguliwa mlango. Tumefungwa.

Tukala chakula cha jioni. Mama yake akanitazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua. Kisha binti akasema polepole:

"Baba, Jumamosi njoo. Lakini unyamaze. Mimi napenda kuzuia. Siku zote nimependa kuzuia."

Nilidhani anazuia kwa kuwa hakupewa kazi nyingine. Sikuwahi kumwuliza. Nimeahidi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimenyamaza kipindi chote cha kwanza. Mama yake shahidi. Na nilipokuwa kimya, nikamwona. Anavyofika kabla ya mpira. Anavyowapanga wenzake kwa kidole, nao wanapangika.

Mwishoni, bado hakuna aliyefunga. Mwokaji akaja kusimama karibu yangu, akasema beki hahitaji akili, miguu inamtosha. Sasa, kimya nilimwahidi binti, si mwokaji. Nikamgeukia. Nikamweleza. Naye akanieleza. Tulikuwa pua kwa pua uwanja ulipolipuka kwa kelele. Tukakumbatiana kwanza, ndipo tukaulizana nani kafunga. Yeye hakuona. Mimi sikuona.

Alikuwa Ukuta.

Mpira ulipoisha binti akaja mbio, jasho tupu, akauliza kama nimeona. Nikasema nimeona vizuri sana, ule mguu wa kulia si mchezo. Akasema alifunga kwa kichwa.

"Nilikuwa nauona mgongo wako tu, baba," akasema, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

Nikacheka pamoja naye. Nilipofika nyumbani nikaingia bafuni, nikaoga muda mrefu kuliko kawaida, maji yafunike kilio. Mama yake, ambaye aliona kila kitu, anakataa kunisimulia.

Jumapili, 9 Novemba

Nimejifunza. Kushindana na wazazi wenzako ni utoto. Nimewaambia hivyo wateja wote, baada ya kuwasimulia lile bao, ambalo sasa naliona waziwazi: kichwa, pembe ya juu, kipa ameduwaa.

Mchana mwokaji amepita. Tumepeana mikono kiungwana. Akataja, kwa kupitia tu, kwamba siku ya kuagana shuleni binti yake ndiye atakayeitwa wa kwanza kupokea cheti.

Kesho nitachelewa kufungua duka. Napitia kwa mwalimu mkuu. Mazungumzo tu.