Siku Niliyompikia Baba Mkwe Kahawa

Leo nimeaibika. Tena nimeaibikia Lavington, mahali ambapo hata mbwa wana adabu.

Wanaonijua wanajua habari zangu na kahawa. Kwa wasionijua: mimi ni Muchiri wa Ngara, ghorofa ya nne, mtu ambaye tangu mwaka jana haambiliki. Nilinunua presi, lile birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma chini kwa mkono, na tangu siku hiyo nikaanza kudharau watu. Ukiniletea kahawa ya kopo, ile ya kukoroga, nakutazama mpaka uirudishe jikoni. Ukiweka sukari, nakuhurumia. Ukiweka maziwa, sikusalimii tena. (Nimepoteza marafiki wawili. Sikuwalilia.)

Sasa, Nyokabi, mchumba wangu, ana baba. Huyu Mzee anaishi Lavington lakini shamba lake liko Murang'a, na amelima kahawa miaka arobaini bila kuinywa. Hata siku moja! Anaivuna, anaipeleka kiwandani, halafu anarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Nyokabi aliponisimulia nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikajiambia, huyu mzee anahitaji kuokolewa, na mwokozi ni mimi.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kuingia kwake. Saa nne asubuhi. Jambo lilikuwa moja tu: Mzee anitazame, na akiridhika aseme wazee wetu waje mwezi ujao kubisha hodi. Asiporidhika, sina mke. Nyokabi alikuwa amenionya mara tatu. "Muchiri, please. Kaa, kunywa chai, jibu maswali, enda home. Usianze mambo yako."

Nikaanza mambo yangu.

Nilikuwa nimemwomba Nyokabi kahawa kidogo ya shamba lao, nikamdanganya ni ya kunywa mwenyewe. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja wa Dagoretti Corner anayekaanga kahawa vizuri. Mpango ulikuwa Mzee aonje jasho lake mwenyewe, machozi yamtoke, anipe binti hapo hapo. (Machozi yalimtoka. Subirini.)

Saa tatu asubuhi, kisagio changu cha mkono kikavunjika mpini. Nikashuka mbio hadi duka la viungo la Mama Hetal, pale Ngara, ambaye ana mashine ya kusagia bizari na masala ya chai.

"Mama Hetal, nisagie hii haraka. Lakini isiwe laini. Iwe na chenga chenga."

Akanitazama juu ya miwani. "Beta, mwanangu, hii mashine haijui chenga. Inajua unga tu. Na saa hii nimetoka kusaga pilipili kilo kumi. Ngoja nioshe kwanza."

"Itachukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Wacha tu, saga hivyo hivyo. Kahawa ni kali, itajisafisha."

"Beta, sikia..."

"Mama, mimi najua kahawa."

(Hayo maneno manne yaandikwe kwenye kaburi langu.)

Niwaeleze kitu. Presi inataka kahawa ya chenga chenga. Ukiweka iliyosagwa laini, inaziba kichujio na kichujio hakishuki. Hilo nalijua vizuri sana. Nimewahi kumfokea binamu yangu kwa kosa hilo hilo, mbele ya mkewe, nikamwita mshamba. Na bado nilibeba unga wangu nikapanda teksi.

Nyokabi alinipokea getini. Akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia.

"Shopping iko wapi?"

"Shopping gani?"

"Sukari! Majani! Mkate! Muchiri, unakuja kwetu mara ya kwanza na birika?"

"Kwani watu wa Lavington wanakosa sukari?"

Akageuka akatangulia ndani. Soja wa geti ndiye aliyetikisa kichwa, taratibu, kwa huruma.

Sebuleni Mzee alikuwa amekaa wima, shati jeupe limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Mama Nyokabi alikuwa ameandaa meza kwa heshima zote: nduma, viazi vitamu, mandazi, na chupa kubwa ya chai. Akaanza kunimiminia. Nikafunika kikombe kwa kiganja.

"Asante Mama, lakini mimi sinywi chai."

Nyokabi akafumba macho. Mama Nyokabi akaniinamia kwa wasiwasi wa kweli.

"Unaumwa na tumbo?"

"Hapana Mama. Leo nyinyi ndio mtakunywa kahawa. Ya shamba lenu wenyewe. Naomba tu maji moto."

"Kahawa ni ya kuuza," Mzee akasema.

"Mzee, onja kwanza. Umenyimwa utamu miaka yote hii."

Nilimwambia hivyo. Mtu wa miaka sabini, ndani ya nyumba yake. Nikatia unga, nikamwaga maji, nikawasha saa ya simu nikatangaza kwamba tutangoja dakika nne. Nikazijaza zote nne kwa mhadhara kuhusu harufu. Kulikuwa na harufu kweli, kitu fulani kilichonikereketa puani, nami nikawaambia huo ndio udongo wa Murang'a.

"Chai saa hii tungekuwa tumemaliza," Mzee akasema.

Dakika nne zikaisha. Nikashika kitufe cha presi, nikasukuma. Hakikushuka. Nikatabasamu, nikasukuma tena. Hakuna kitu.

"Imekataa?" Mama Nyokabi akauliza.

"Hapana Mama, inahitaji ufundi."

Nikasimama. Nikavua koti. Nikaweka viganja viwili, nikaegemea na uzito wangu wote, kilo tisini na mbili. Nyokabi akasema, "Babe, wacha." Sikuacha.

Pah!

Kichujio kikapinda upande mmoja na kahawa ikaruka juu. Ikaanguka kwenye nduma. Ikaanguka kwenye kitambaa cha meza ambacho Mama Nyokabi alikifuma mwenyewe. Ikapaka picha ya marehemu babu ukutani. Iliyobaki, na ilikuwa nyingi, ikatua kwenye lile shati jeupe. Nashukuru Mungu mhadhara ulikuwa umeipoza.

Mtu mwenye akili angepiga magoti hapo. Mimi nikachungulia ndani ya birika, nikasema, "Imebaki ya kikombe kimoja, Mzee. Ya chini ndiyo tamu."

Mzee ni mtu aliyelelewa kutokataa cha mgeni. (Tofauti na wengine.) Akajifuta kidevu, akapokea kikombe, akapiga funda moja kubwa.

Macho yakaanza kuwa mekundu. Halafu kikohozi kikaja. Mama Nyokabi akawa anampiga mgongoni huku akiita maji, naye Mzee ananinyooshea kidole na hawezi kusema.

"Umeweka nini?" akapata sauti.

"Ni kahawa, Mzee."

"Hii ni pilipili!"

Nikakumbuka mashine ya Mama Hetal. Nikawaeleza yote, kuanzia mpini uliovunjika, huku nimetazama kapeti. Mzee alisikiliza hadi mwisho, machozi yakimtiririka.

"Miaka arobaini watu wananiuliza kwa nini sinywi hiki kitu," akasema. "Nilikuwa sina jibu. Sasa niko nalo."

Nyokabi alikuwa amejificha nyuma ya kiti, mabega yanamtikisika. Nikajua analia. Roho ikaniuma sana, nikaona kabisa nimempoteza. Kumbe anacheka! Mama yake akanimiminia chai bila kuniuliza, nami nikanywa vikombe viwili, na sukari.

Nilipoaga, Mzee akanisindikiza getini akiwa amevaa fulana ya kampeni za uchaguzi.

"Muchiri."

"Ndio, Mzee."

"Wazee wenu waje. Mwezi ujao, vile mlikuwa mmepanga. Nyokabi amesema ni wewe, na mimi siwezi kushindana na yeye."

Nilitaka kumkumbatia. "Asante sana Mzee, Mungu akubari..."

"Sijamaliza. Wao wataingia. Wewe utakaa kwa gari."

"Siku yote, Mzee?"

"Mama atakuletea chai huko huko."

Kwa hiyo jamani, naoa, ila posa yangu mimi nitaisikia kupitia dirisha la gari. Naomba heshima. Atakayecheka namfuta kwenye orodha ya wageni wa harusi, na Nyokabi nimeshamfuta mara mbili.