Shaba ya Protus

Protus alikuwa dereva huko Al-Malqa, Riyadh, na kwa hasara ya wengi alikuwa na masikio. Siku moja alimsikia bosi wake akisema kwenye simu kwamba sanamu ya mabomba ya shaba yaliyopindwa, kazi ya Mwaustralia aitwaye Pargeter, imeuzwa mnadani kwa bei ya majumba mawili. Ilikuwa ile miaka ambayo sinema zilifunguliwa tena Saudia baada ya marufuku ndefu, na kila tajiri akagundua kwamba ameipenda sanaa tangu utotoni.

Protus alikuwa na mabomba. Kwa miaka miwili alikuwa akiokota shaba ya viyoyozi vibovu na kuijaza stoo ya jikoni. Ndiyo ingemnunulia mashine ya posho, ya kusaga mahindi, kwao Webuye, Kenya, aachane na usukani.

“Iuze kwa kilo,” alisema Roseline, mpishi, ambaye mkataba wake ulikuwa ukingoni. “Pesa ya kilo haina maswali.”

“Dada, wewe pika. Sanaa haipimwi kwa mizani.”

Alitumia nusu ya shaba. Akapinda, akachomelea, akanakili sahihi ya Pargeter kutoka kitabu cha mnada. Kisha akatuma picha kwa Talal wa Al-Safa, Jeddah, shemeji ya bosi, mtu aliyeugua kila bosi aliponunua kitu.

“Ilete, yalla,” alijibu Talal. “Shemeji asijue.”

Safari iliyofuata ya kumpeleka madam, mke wa bosi, Jeddah, sanamu ilisafiri kwenye buti chini ya blanketi. Talal aliipapasa, akalengwa na machozi.

“Bei si tatizo. Nimemwita tu mtu aikague.”

Akaingia mzee wa Kizungu mwenye kofia pana. Pargeter mwenyewe, aliyekuja Jeddah kwa maonyesho. Protus aliutazama mlango. Ulikuwa mbali.

Pargeter aliizunguka mara tatu. Jambo ambalo vitabu vya mnada havikulitaja ni kwamba kwa miaka mitano kazi zake mpya zilikuwa zikirudi nyumbani bila mnunuzi.

“Hii ni yangu,” alisema. “Iliibwa kwenye karakana yangu. Nani kaileta?”

Akikiri ameighushi, jela. Akinyamaza, mwizi.

“Niliiokota, bosi,” alisema Protus. “Jangwani.”

“Mtu mwaminifu!” Pargeter alimpa mkono, na kabla kahawa haijapoa, Talal alikuwa ameinunua kutoka kwa mzee huyo.

Getini mzee alimnong’oneza: “Kiungo cha kushoto umekichomelea vibaya. Ukiokota nyingine, nipigie.”

Protus alimpigia Roseline kwanza.

“Dada, ile shaba iliyobaki stoo…”

“Niliiuza jana, kwa kilo. Niko uwanja wa ndege, mkataba umeisha, halas. Lakini usijali, ndugu yangu. Mashine ya posho nitaiandika jina lako ubavuni.”