Maharage ya Robo Saa

Jumatatu, 12 Mei 2025
Leo nimepata wazo la maisha yangu! Karakana ya Mzee Mazengo, pale Kizota, ina mafundi ishirini na sita wa kuchomelea mageti. Anayewapikia ni Batuli, mama wa Kondoa, ambaye anainjika maharage alfajiri na kuyaepua adhuhuri. Mkaa gunia kwa gunia! Nimemwendea Mzee, nikampa shikamoo ya nguvu, nikamwambia mimi nayaivisha kwa robo saa. Akacheka. Kisha akasema nijaribu Alhamisi. Nikifaulu, jiko ni langu.

Mke wangu, Loisi, hakucheka. Alinikumbusha mradi wa kuku, akanikumbusha na ule wa sabuni. Amesema huu nao ukifa, tunahama hapa Mkonze, tunaenda Haneti kulima kwa baba yake. Mimi na jembe! Haiwezekani.

Jumatano, 14 Mei
Siri yangu ni magadi. Kila Mgogo anajua yanavyolainisha mlenda. Bibi yangu alikuwa akitia kijipande tu. Mimi nimetia bakuli zima kwenye ndoo mbili za maharage mekundu. Kufikia jioni maganda yameanza kubanduka yenyewe! Loisi ameuliza kama kulainika ndiko kuiva. Kuishi na mtu asiye na maono ni mtihani.

Alhamisi, 15 Mei, mchana
Ushindi! Makaa machache, robo saa, sufuria hata haijatokota, na maharage yanabonyea kwa vidole viwili. Kitunguu, nyanya, mafuta ya alizeti. Mafundi wamepanga foleni hadi getini. Batuli ameonja punje mbili, akatema kiganjani, akanivuta pembeni na kuniambia taratibu kwamba ndani bado ni mabichi. Wivu! Nimemwambia apumzike, amechoka mama wa watu. Nimekula sahani mbili mbele yake ili aumie. Mzee Mazengo amekula tatu, akanipa mkono. Jiko langu!

Siku hiyohiyo, jioni
Saa nane fundi wa kwanza alitupa kofia ya kuchomelea akakimbia. Akafuata wa pili. Kisha karakana nzima. Choo ni kimoja! Wengine walijiokoa nyuma ya mabati chakavu, wakitapika kwa zamu. Mimi nilikuwa wa tisa kwenye foleni, na sikufika. Mzee Mazengo alikuwa ndani. Aliijua sauti yangu ya kuugulia.

“Obedi,” alisema kupitia mlangoni, “nikitoka humu nisikukute.”

Nilitaka sana kumtii. Nilitambaa hatua tatu, nikalala. Batuli ndiye aliyeita bajaji tano, akatupakia mzunguko baada ya mzunguko, akatufikisha zahanati.

Ijumaa, 16 Mei
Tumepona wote, namshukuru Mungu. Nesi alitukalisha kwenye benchi kama watoto wa chekechea. Akaeleza kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu, na haiondoki mpaka yachemke sawasawa kwa muda mrefu. Magadi yanalainisha tu. Moto wa uvuguvugu ndio unaozidisha ubaya. Niliitikia kwa adabu, lakini nesi mwenyewe binti mdogo tu, hajawahi kupikia hata watu kumi.

Batuli amerudi jikoni kwake. Nimesikia mafundi walimpigia makofi. Hilo limeniuma kuliko tumbo. Loisi anafunga magodoro kwa kamba.

Alhamisi, 22 Mei, Haneti
Viganja vimejaa malengelenge. Tunavuna uwele tangu Jumatatu na mgongo sio wangu tena. Ila shambani mtu anapata nafasi ya kufikiri, na leo nimegundua kosa lilikuwa wapi. Magadi yalikuwa machache! Bakuli moja kwa ndoo mbili, nilitegemea nini? Halafu mafundi wa mjini matumbo yao laini, wamezoea chipsi.

Na bahati haijanitupa! Baba mkwe, Mzee Seth, amesema Jumamosi majirani wote wanakuja kutusaidia kuvuna. Watu sitini! Kinamama wananung'unika kwamba kuni ziko mbali. Nimesimama palepale, nimemwambia baba mkwe kinamama wasihangaike, chakula cha siku hiyo niachiwe mimi. Amenishika bega na kuniita mwanangu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Nusura nilie kwa furaha.

Maharage yapo madebe mawili. Magadi nimeshapata mabakuli sita. Loisi nitamwambia Jumapili.