Prosesa Yangu na Mifuko ya Kijani

Jumanne, 4 Machi
Nina miaka themanini na moja. Nimeona mwisho wa kiwanda nilichofanyia kazi, wa vimbunga chungu nzima, na wa madaktari wawili walionikataza nyama ya nguruwe. Shule sikukaa sana. Lakini prosesa, ubongo wa kompyuta, naijua! Jumapili klabu ya kompyuta ya wazee wa mtaa inapata mwenyekiti: ni yule atakayeikimbiza prosesa yake kuliko wote, nusu saa bila kuzima. Mzee Kuo wa ghorofa ya chini anajitapa na kasi ya gigahezi tano nukta mbili. Masikini. Mimi nimeweka tano nukta nne. Imedumu dakika tatu, kisha kompyuta ikagoma: skrini ya bluu. Bluu nzuri, lakini.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipa umeme zaidi kidogo. Dakika nne! Binti yangu Pi-hsia anasema, Baba, hilo ni joto, shusha kasi. Nikamwambia nilikuwa nabandika vipuri kiwandani yeye hajaota hata jino. Kushusha ni kazi ya Kuo. Hapa kinachokosekana ni adabu. Kiwandani kila mashine ilikuwa na mfuko wake wa vitafunio vya nazi, wa kijani, ili itulie. Wa njano huleta balaa. Nimenunua wa kijani, nikaulaza juu ya boksi la kompyuta, palepale penye matundu ya kutolea hewa, uwe karibu na prosesa.

Ijumaa, 7 Machi
Dakika mbili! Mfuko mmoja hautoshi, mtoto mdogo anaona. Nimeweka minne. Matundu yote yamefunikwa, hakuna baraka inayotoroka. Joto limefika nyuzi mia. Shuleni sikuwahi kupata mia.

Jumamosi, 8 Machi
Kuo kaja kupeleleza. Kaweka mkono juu ya boksi, kasema mzee mwenzangu, hii si kompyuta, lete viazi vitamu tuchome. Nikamwambia akachome vya kwake, kwangu kuna ufundi. Kaondoka anacheka. Kumbe mfuko mmoja muda wake umekwisha tangu wiki jana! Huo ndio mchawi mwenyewe. Nimebadilisha. Skrini ya bluu kabla chai haijapoa.

Jumapili, 9 Machi
Ukumbini. Kuo kamaliza nusu saa yake na tano nukta mbili. Makofi. Zamu yangu, mkono tu umegusa kitufe, Kuo kanyakua mifuko yangu yote minne juu ya boksi, kaipasua, kawagawia wanachama! Kasema mzee, asante, umetupashia moto. Nikapiga kelele kwamba ni hujuma. Hakuna aliyesikia, walikuwa wanatafuna. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa! Tano nukta nne! Mwenyekiti ni mimi! Pi-hsia akaninong'oneza, Baba, umeona sasa, matundu yamepumua. Nikamjibu nimeona: nimeshinda bila ulinzi wowote. Ningekuwa na mifuko yangu, ningefika sita!

Jumatatu, 10 Machi
Amri yangu ya kwanza ya uenyekiti: kila kompyuta ya klabu mifuko minne ya kijani juu ya matundu, ifungwe kwa utepe wa gundi, Kuo asiifikie. Nimeibandika mwenyewe. Kompyuta zote zimezima kwa pamoja. Klabu hii haijawahi kuwa na umoja kama huu! Asiyeamini amuulize Pi-hsia. Au Kuo, akishamaliza kucheka.